John Lilly: Daktari Aliyetafuta Ukimya Ndani ya Maji

Wasomaji wengi waliopata kusikia jina la Dakta John Cunningham Lilly walilisikia pamoja na habari za pomboo. Ni kweli kwamba Mmarekani huyo alitumia miaka mingi akijaribu kuzungumza na wanyama hao wa bahari, na vitabu alivyoandika juu yao vilimpa sifa kubwa. Lakini leo mimi nataka kumweleza msomaji habari za kitu kingine alichokibuni bwana huyo, nacho ni tangi la maji ya uvuguvugu, lenye giza na kimya, ambamo mtu huingia akaelea mpaka akili yake itulie. Hivi sasa matangi ya namna hiyo yako katika miji mingi ya Marekani, Ulaya na Australia, na wako wataalamu wanaochunguza jinsi yanavyoweza kuwasaidia watu wenye wasiwasi mwingi na huzuni isiyokwisha.

Huenda msomaji akaniuliza mtu wa Soy ana haja gani na tangi la Wamarekani. Sisi tunaokaa hapa, kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Kitale, ni watu wa mahindi na ng'ombe wa maziwa, na mimi sijaona tangi la namna hiyo kokote katika sehemu zetu. Hata hivyo haja ninayo, tena kubwa. Huku kwetu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za dunia, mtu akipatwa na ugonjwa wa akili mara nyingi jamaa zake humtenga. Hupewa chumba cha nyuma, dirisha likazibwa, na mlango ukafungwa kwa nje. Jamaa hufanya hivyo kwa kukosa la kufanya, si kwa chuki. Sasa inakuwaje giza na upweke vinavyomharibu mgonjwa wa kijijini viwe dawa kwa mtu wa ng'ambo, naye akubali kuvilipia fedha? Nilipoyasoma maisha ya Dakta Lilly niliona kwamba jibu limo humo humo, katika mazuri yake na katika mabaya yake pia.

KUZALIWA NA MASOMO

John Lilly alizaliwa tarehe 6 Januari 1915 katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota. Kwao hawakuwa maskini, kwani baba yake alikuwa mkubwa wa benki. Alilelewa katika dini ya Kikatoliki, na tangu ujana wake alipenda sana sayansi. Alisoma katika chuo cha sayansi na ufundi cha California akamaliza mwaka 1938, kisha akageukia uganga, na mwaka 1942 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya uchunguzi juu ya marubani wanaoruka juu sana angani, mahali ambapo hewa ni haba, akabuni vyombo vya kupimia kani ya hewa. Vita vilipokwisha alijifunza uganga wa akili wa kumsikiliza mgonjwa aeleze yaliyomo moyoni mwake. Kwa hiyo alikuwa mtu wa pande mbili: upande mmoja fundi wa vyombo, upande wa pili mganga wa nafsi. Pande hizo mbili ndizo zilizokutana katika tangi lake.

SWALI LA UBONGO

Mwaka 1953 Lilly aliajiriwa na Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, huko Bethesda, jimbo la Maryland. Siku hizo wataalamu walikuwa wakibishana juu ya jambo moja. Je, ubongo wa mwanadamu uko macho kwa sababu tu unachochewa na mambo ya nje, yaani mwanga, sauti na mguso? Ukinyimwa vyote hivyo, utalala? Au unayo nguvu yake wenyewe ya kuwa macho?

Swali hilo halikuwa la wasomi peke yao. Vita vya Korea, vilivyodumu tangu 1950 hadi 1953, viliwatia hofu wakubwa wa majeshi ya nchi za Magharibi, kwa maana walisikia kwamba mateka walikuwa wakitiwa kasumba mpaka wakayakana mambo yao ya zamani. Huko Kanada, katika Chuo Kikuu cha McGill, Profesa Donald Hebb alikuwa amekwisha kuanza majaribio kwa fedha za idara ya utafiti wa ulinzi. Wanafunzi walilipwa dola 20 kwa siku walale tu kitandani katika chumba kidogo, macho yamefunikwa kwa miwani isiyopitisha picha, mikono imevikwa mifuko, na sikioni hawasikii ila mvumo mmoja. Ilionekana kwamba wengi hawakuweza kuvumilia zaidi ya siku mbili tatu. Mawazo yao yalivurugika, na baadhi yao waliona vitu visivyokuwapo.

Kutokana na habari hizo watu wengi waliamini kwamba kumtenga mtu na ulimwengu ni kumtia wazimu. Lilly hakuridhika. Mwaka 1954 alitengeneza tangi la maji katika chumba chenye giza, kisichoingia sauti. Maji yaliwekwa katika joto la kiasi cha nyuzi 34 na nusu za sentigredi, joto ambalo ngozi hailitambui kuwa ni moto wala baridi. Mtu alijitumbukiza mwili mzima, kichwa kikiwa ndani ya kifuniko chenye mpira wa kupitishia pumzi. Hakuona kitu, hakusikia kitu, wala hakuhisi uzito wa mwili wake.

La kutazamwa ni kwamba Lilly hakumtanguliza mtu mwingine. Aliingia yeye mwenyewe, pamoja na mwenzake Dakta Jay Shurley, na kila mmoja alikuwa huru kutoka wakati wowote alipotaka.

Mambo waliyoyaona Lilly aliyachapisha mwaka 1956. Ubongo haukulala kwa kukosa vichocheo, ulikaa macho. Kwanza mtu aliendelea kuyafikiria mambo ya siku ile. Baadaye alishikwa na hamu kali ya kuguswa au kusikia cho chote. Akiivumilia hamu hiyo, mawazo yake yaligeukia ndani, zikafuata ndoto za mchana na picha. Alipotoka majini alijisikia kama aliyeamka asubuhi baada ya usingizi mwema, hata kama saa zilikuwa za jioni. Kwa wengi lilikuwa jambo la ajabu kusikia kwamba ukimya ule ule uliowavuruga wanafunzi wa Kanada umempa mtu mwingine pumziko.

TOFAUTI YA MLANGO

Hapa ndipo nilipoliona jibu la swali langu la mwanzo. Sisemi kwamba maji na kitanda ni kitu kimoja, maana maji ya uvuguvugu yana raha yake. Bali tofauti kubwa iko katika mlango. Lilly aliingia kwa hiari yake, akijua anakwenda kufanya nini, na akijua kwamba akitaka kutoka hakuna wa kumzuia. Hata matangi ya leo hayana kufuli. Kifuniko husukumwa kwa mkono mmoja, na taa iko karibu.

Ninamfahamu kijana mmoja wa huku kwetu ambaye jina lake sitalitaja. Alipoanza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, alikaa miezi kadhaa katika nyumba ndogo nyuma ya boma lao. Baadaye alipelekwa kwa madaktari akapewa dawa, na leo analima na kuuza maziwa kama wenzake. Nilipomwuliza habari za miezi ile alinieleza kwamba giza alilizoea. Hakulizoea komeo. Kila usiku aliposikia komeo likisukumwa kwa nje aliamini kwamba watu wa nyumbani wamekwisha kumzika, na sauti zile zilizidi. Sijasoma kitabu cha uganga kilichonieleza jambo hili kwa uwazi kuliko yeye.

Wakubwa wa jeshi na wa upelelezi nao walilitazama tangi kwa jicho lao. Walitaka kujua kama laweza kutumika kumvunja mtu moyo. Lilly alieleza baadaye kwamba hakupenda kazi yake ifanywe siri ya serikali, na mwaka 1958 aliiacha taasisi ile.

POMBOO WA ST. THOMAS

Tangi lilimzalia wazo jingine. Alijiuliza: ikiwa mtu akielea saa moja mawazo yake hugeuka hivi, je, mnyama mwenye ubongo mkubwa kama wetu, anayeelea usiku na mchana maisha yake yote, ana mawazo gani? Ndivyo alivyofika kwa pomboo. Alijenga maabara katika kisiwa cha St. Thomas, kwenye Visiwa vya Virgin, na mwaka 1961 akatoa kitabu juu ya mtu na pomboo kilichompatia sifa kubwa. Shirika la Marekani la safari za anga lilimsaidia kwa fedha, kwa kuwa lilitaka kujua jinsi ya kuzungumza na viumbe wasiokuwa binadamu. Mwaka 1965 msaidizi wake, binti Margaret Howe, alikaa wiki kumi na pomboo aitwaye Peter katika nyumba iliyojazwa maji, akimfundisha matamshi ya Kiingereza.

Pomboo hawakujifunza kusema, lakini watu wengi walianza kuwaona kuwa viumbe wenye akili na wanaostahili huruma. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda wanyama wa baharini, na watu wengi wanakubali kwamba maandishi ya Lilly yalichangia kubadilisha mawazo ya umma.

MGANGA HAJIGANGI

Kama habari zingeishia hapo, ningemwita Lilly mtu mwenye bahati. Lakini wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Katika miaka ya 1960, wakati dawa iitwayo LSD ilipokuwa bado ikiruhusiwa kwa uchunguzi, Lilly alianza kuitumia yeye mwenyewe akiwa ndani ya tangi. Hata baadhi ya pomboo walipewa. Fedha zikakatika, na kabla ya mwaka 1970 maabara ya St. Thomas ilikuwa imefungwa.

Akahamia California, akawa miongoni mwa watu waliokuwa wakitafuta njia mpya za kuijua nafsi. Huko akaingia katika dawa nyingine, ketamini, ambayo madaktari huitumia kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji. Kwake ilianza kama dawa ya maumivu makali ya kichwa yaliyomsumbua tangu zamani. Haikuchukua muda akawa anajidunga mara nyingi kwa siku. Alianza kusimulia habari za viumbe wa mbali waliokuwa wakipanga mambo ya dunia, na wenzake wa sayansi wakamkimbia. Siku moja, akiwa amekwisha kujidunga, alianguka katika maji na nusura azame. Mkewe, Toni, ndiye aliyemtoa na kumpulizia pumzi mpaka akazinduka. Ama kweli ni ajabu kwamba mtu aliyewafundisha wengine kuelea alikaribia kufa maji.

Mimi nayatazama mambo hayo kwa kipimo kile kile cha mlango. Tangi halikumdhuru Lilly katika miaka ya mwanzo, kwa kuwa alijua saa ya kuingia na saa ya kutoka. Ila dawa zilipoingia, hakuwa tena na uwezo wa kutoka apendapo. Safari hii mlango ulifungwa kwa ndani, na yeye ndiye aliyeufunga. Laiti Toni asingekuwa karibu siku ile, habari zake zingeishia hapo.

WALIOLIOKOA TANGI

Mwaka 1972 mtaalamu mmoja wa kompyuta, Glenn Perry, alihudhuria mafunzo ya Lilly akaingia katika tangi. Alilipenda mno, hata akaunda la kwake ambalo mtu wa kawaida angeweza kulitumia. Badala ya maji ya kina kirefu na kifuniko cha kichwa, Perry alitumia maji yasiyozidi magoti, akayatia chumvi ya haluli kwa wingi, ile chumvi chungu inayojulikana tangu zamani kama dawa ya kuharisha. Maji yakishiba chumvi hiyo, huwa mazito kuliko mwili wa mtu. Hata asiyejua kuogelea hulala chali akaelea bila jitihada, uso ukiwa nje na masikio chini ya maji. Kwetu Afrika ya Mashariki maumbile yenyewe yamefanya jambo kama hilo katika ziwa Assal, nchini Jibuti, lililo kiasi cha meta 155 chini ya usawa wa bahari, ambalo maji yake yana chumvi karibu mara kumi ya bahari. Mtu akiingia humo huelea kama gogo. Katika tangi la siku hizi huyeyushwa kilo 400 au zaidi za chumvi.

Vituo vya kuelea vikaenea, kisha vikapunguka katika miaka ya 1980, kwa sababu UKIMWI ulipozuka watu waliogopa kuchangia maji. Huku nyuma wataalamu waliendelea polepole. Profesa Peter Suedfeld wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, pamoja na Dakta Roderick Borrie, walilitoa tangi katika masimulizi ya viumbe wa mbinguni, wakaliweka mezani kama tiba ya kawaida yenye kupimwa. Chuo Kikuu cha Karlstad, Sweden, nacho kilichunguza watu waliochoshwa na kazi na wenye maumivu ya misuli.

Mwaka 2018, huko Tulsa, jimbo la Oklahoma, Dakta Justin Feinstein na wenzake walitoa matokeo ya watu 50 wenye wasiwasi wa namna mbalimbali, wengi wao wakiwa na huzuni nzito pia. Kila mmoja alielea saa moja tu. Walipotoka wasiwasi ulikuwa umepungua, na walioingia na mzigo mkubwa zaidi ndio waliopata nafuu kubwa zaidi. Wachunguzi hao wanaeleza kwamba macho na masikio yakipumzika, mtu husikia pumzi zake na mapigo ya moyo wake, na badala ya kuyaogopa hutulia pamoja nayo. Hata hivyo uchunguzi ule haukuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2024 kikundi hicho kilitoa matokeo ya watu 75, wengine wakielea vipindi sita na wengine wakipumzika katika kiti, ili kuhakikisha kwanza kwamba jambo lenyewe ni salama na kwamba wagonjwa wanalivumilia.

Basi msomaji asije akadhani kwamba tangi linaponya wazimu. Linalojulikana ni kwamba linampa mtu mwenye wasiwasi nafuu ya muda, na bado inachunguzwa nafuu hiyo hudumu kiasi gani. Haliondoi haja ya daktari wala ya vidonge. Wenye vituo huwakataza walevi na watu ambao kifafa chao hakijatulizwa kwa dawa. Yote hayo ni mipaka ambayo Lilly hakujiwekea, na ndiyo iliyoliwezesha tangi kurudi mikononi mwa waganga.

FAIDA YAKE KWETU

Uasin Gishu yetu haikosi watu wenye haja ya kutulia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliona makubwa, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto watu wakiwa ndani. Wako wazee kwa vijana ambao tangu siku hizo usingizi wao si usingizi. Wengine wamebebeshwa mzigo na madeni ya mashamba, wengine na pombe. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kilo 400 za chumvi ili apate saa moja ya utulivu. Anahitaji mahali pasipo na kelele, watu wanaojua yuko wapi, na ruhusa ya kurudi kati yao bila kuchekwa.

Anahitaji pia hospitali. Mathari, kule Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910, na kwa miaka mingi jina lake lilikuwa tusi. Leo hatuna sababu ya kuogopa. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hapo Eldoret, inawatibu wagonjwa wa akili kama inavyowatibu wa malaria. Sheria nayo imeanza kuwahurumia: mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume cha Katiba. Lakini mahakama haiwezi kufungua makomeo ya vijijini. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba katika nchi kama 60, Kenya ikiwa mojawapo, wagonjwa wa akili hufungwa kwa minyororo au kufungiwa ndani. Kazi ya kufungua ni ya baba, mama, kaka na jirani.

Dakta Lilly alifariki mjini Los Angeles tarehe 30 Septemba 2001, akiwa na umri wa miaka 86. Ameacha jina lenye mabishano, kwani wengine humwita mwerevu na wengine humwita aliyepotea. Nadhani alikuwa yote mawili. Mimi nimechukua kwake jambo moja ninaloweza kulitumia hapa Soy bila gharama: kabla ya kumpeleka mgonjwa mahali pa kimya, nitazame kwanza kama mlango unafunguka kwa ndani, na kama nje yuko mtu anayemngoja.